Malalamiko: programu yenu inawaandikia wafiwa ugonjwa wasiokuwa nao

Goma, Kivu Kaskazini

Bwana Mkurugenzi,

Ninasimamia mafaili ya wagonjwa katika kituo cha afya hapa Goma, ambacho kinalipia kila mwezi programu yenu ya kompyuta ya kuandikia mafaili hayo. Tangu mlipotuletea toleo jipya, mtu aliyefiwa akija kwetu hatuna tena namna ya kumwandika jinsi alivyo.

Zamani muuguzi alikuwa anachagua Z63.4, msimbo wa CIM-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa) wa kutoweka au kufa kwa mtu wa familia. Uko katika sura ya Z, ambayo si sura ya magonjwa; inaeleza mambo ya maisha yanayomleta mtu kutafuta huduma. Mmeuondoa. Sasa ukiandika "kufiwa", programu inakupeleka moja kwa moja kwenye F32.9, yaani depresio, na usipoikubali faili halihifadhiwi. Mama ametoka matangani juzi, halali, analia, amekuja kupimwa presha: anarudi nyumbani na ugonjwa wa akili kwenye fishi yake. Bima ya kazini kwa mume wake itausoma. Daktari atakayemwona kesho naye atausoma, na pengine atamwandikia dawa asizozihitaji.

Na hilo neno "kutoweka" lina uzito hapa kwetu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, na zipo familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika. Wengine walipotezana na watu wao vitani na hadi leo hawajui kama wako hai. Msimbo ule uliwapa hata hao mahali pa kuandikwa.

Kinachoniumiza zaidi ni maelezo. Programu inajaza yenyewe: "Mgonjwa ana huzuni na amepoteza hamu." Sentensi hiyohiyo kwa kila mtu. Muuguzi anapaswa kuandika nani amefariki, lini, kwa njia gani, mfiwa anakula au hali, anafanya kazi au ameacha, ana mawazo ya kujidhuru au hana. Bila tarehe ya kifo, mshauri wetu wa saikolojia hana pa kuanzia. CIM-11, toleo jipya la orodha hiyo lililoanza kutumika Januari 2022, inautambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, 6B42, lakini inataka iwe imepita angalau miezi 6 tangu kifo, na majonzi yawe yamezidi waziwazi yale yanayotarajiwa katika mila na dini ya mfiwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Basi chukueni kijana ambaye baba yake aliuawa zaidi ya mwaka uliopita, hatoki nyumbani, ameacha kazi, anasema anataka kumfuata. Kwenye skrini yenu anafanana kabisa na yule mama aliyetoka matangani juzi. Huyo kijana ndiye ninayemwogopea. Akizama katikati ya mafaili yanayosema neno moja, nani atamtafuta?

Nilipolalamika, mfanyakazi wenu alinijibu: "Chagua msimbo ulio karibu." Jibu hilo silikubali. Hata malaria hatuiandiki kwa kukisia.

Naomba mrudishe Z63.4, muuguzi aweze kuhifadhi faili bila kulazimishwa msimbo wa F, yaani wa magonjwa ya akili, muweke nafasi ya tarehe ya kifo na ya maelezo huru, na ile sentensi iondoke. Kisha mtupe njia ya kusahihisha mafaili yaliyokwisha kuharibika, ionekane nani amebadilisha nini na lini. Hilo ni la haraka kuliko yote, maana ripoti ya mwezi inakaribia kwenda kwenye zoni ya afya, na jinsi ilivyo itasema mtaa wetu umejaa depresio.

Kwa sasa wafiwa tunawaandika kwenye daftari la karatasi. Uongozi wa kituo umeamua kutolipa ada ya mwezi ujao hadi tupate jibu lenu kwa maandishi.

Kwa heshima,

Msimamizi wa mafaili ya wagonjwa