Leigh Creek iwe funzo kwa wapenda makaa

Mhariri, salamu kutoka Kisauni.

Juzi nilikuwa Australia kwa dadangu, shemeji akatutia garini tukapiga zaidi ya kilomita 500 kutoka Adelaide kwenda kaskazini, vumbi jekundu mpaka puani, tukafika Leigh Creek. Huo mji bana! Miaka ya 80 makaa ya mawe yalikuwa chini ya nyumba za watu, basi wakauhamisha mji mzima kusini ili mgodi upanuke, na makaa yakawa yanapakiwa kwa treni ndeefu hadi stesheni ya umeme ya Port Augusta. Mgodi ukafungwa 2015, stesheni ikafuata 2016.

Sasa nyumba nyingi ni tupu, tena nyumba nzuri za kudumu. Moja nilichungulia dirishani, pazia bado linaning'inia, kalenda ukutani.

Hapa kwetu leseni ya stesheni ya umeme wa makaa ya Lamu ilifutwa 2019 na bado kuna watu wanaililia eti kazi, sawa, kule pia kazi zilikuwako tena za maana. Gazeti lenu liwaulize tu hao: siku stesheni ikifungwa, nani atalipia kusafisha?

Msafiri, Mombasa