Baba wa watoto aruhusiwe kuingia chumba cha skani

Mhariri,

Picha za mama aliyejifungua watatu au wanne hupendwa sana magazetini, lako likiwemo. Mama anatabasamu, mhisani ameleta nepi. Ila sijawahi kusoma yale ambayo mume na mke waliamua miezi kadhaa kabla ya picha hiyo.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Umoja. Mwaka juzi nilibeba mimba ya watatu. Siku ya skani mume wangu aliacha kibarua cha mjengo, ujira ukampita, akanisindikiza. Mlangoni akaambiwa wanaume hawaingii. Akabaki kwenye benchi na mkoba wangu. Ndani nikaelezwa mbiombio: wawili wanatumia kondo la nyuma moja, wa tatu ana lake, mimi naweza kupata presha, wao wanaweza kuzaliwa kabla ya wakati, kuna uwezekano wa kupunguza idadi. Mkazungumze, mrudi Jumanne.

Tuzungumze nini? Ndani ya matatu baba watoto akaniuliza, "Kupunguza ni kufanyaje?" Sikuwa na jibu, na abiria wa nyuma alikuwa ametega sikio. Kufika nyumbani mama mkwe alishajua, na alishaamua: Mungu akitoa watatu hatoi kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nikimfikiria Baraka, kifungua mimba wetu, angebaki na nani.

Jumanne tulimpata daktari mwingine, kijana, akatuingiza wote wawili. Alichora nyuma ya fomu. Wale wanaoshiriki kondo, mishipa yao ya damu imeungana, kwa hiyo sindano ya kuusimamisha moyo wa mmoja inaweza kumwangamiza na mwenzake. Basi kupunguza kungekuwa kuchagua: aondoke yule wa peke yake, mwenye nafasi nzuri kuliko wote, au waende wale wawili pamoja. Tuliuliza kuhusu sheria. Akatutajia kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010, kinachokataza kutoa mimba isipokuwa, kwa mfano, mtaalamu wa afya akiona uhai au afya ya mama imo hatarini.

Mume wangu, mtu asiyesema mengi, akamuuliza angekuwa mkewe angehofia nini kwanza. Presha, akajibu, na kujifungua kabla ya wiki ya 28. Mume wangu akanigeukia: "Mama Baraka, wewe ndiye unayebeba. Utakalosema, mama nitamjibu mimi."

Tuliamua kuendelea na wote. Cherehani ikafunikwa, pesa za chama zikaenda kwa skani za kila wiki mbili. Walizaliwa njiti. Mmoja wa wale wawili hakumaliza mwezi. Mtaani wapo wanaotulaumu kwa hili na wanaotulaumu kwa lile. Hawakuwa chumbani siku ile.

Ombi langu kwa hospitali zetu ni dogo. Mama akitaka mumewe aingie, aingie tangu skani ya kwanza. Na kwa mimba ya mapacha, iandikwe wazi kwenye kijitabu cha kliniki kama wanashiriki kondo, maana hilo huonekana vizuri zaidi kabla ya wiki ya 14. Ikiwa kikwazo ni faragha ya akina mama wengine, pazia linatosha. Walete kitambaa, nitawashonea bure.

Mama Baraka,
Umoja, Nairobi