Kaka, kwenye kiapo chako futa ile aya ya nne

Kaka, shikamoo.

Hati ya kiapo uliyonipa niipitie kabla hujaisaini nimeisoma mara tatu. Nilitaka kukupigia simu, nikajua tutagombana kabla sijafika nusu, ndiyo maana nakuandikia. Naandika hadharani, bila jina lako wala la wifi, kwa sababu katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria nakutana na nyumba nyingi kama yenu: mmoja alisilimu ili waoane, ndoa ikavunjika, akarudi kanisani, na sasa watoto wanagombaniwa kwa jina la Mungu.

Aya yenyewe inasema mjibu maombi, yaani wifi, ameritadi, ameuacha Uislamu, na kwa hiyo hafai kulea watoto wa Kiislamu. Basi, imeishia hapo. Hujaandika watoto wanalala wapi, wanakula nini, nani anawaamsha kwenda shule, nani anakaa macho mdogo anapobanwa na pumu.

Nikueleze jambo ambalo sikukwambia. Mwezi uliopita nilimchukua binti yako hapo kwako Makorora, Tanga, nimrudishe kwa mama yake Mikanjuni. Tulipanda bajaji. Tulipofika karibu na kituo cha mafuta, akachomoa pini ya ushungi, akaibana kwa meno, akaukunja ushungi mara nne, akausukumia chini ya daftari la Hisabati na kufunga zipu ya begi. Nikamuuliza mbona unavua. Akanijibu, "Shangazi, mimi huwa navulia hapa." Alisema kawaida tu, kama abiria anayemwonyesha dereva pa kumshushia. Nikamuuliza kama mama yake anamkataza kuuvaa. Akasema mama hajawahi kusema kitu. Ila siku ile baba alipomwita mama kafiri pale mlangoni, mama alilia, "sasa nikiingia nao naona kama atakumbuka."

Ana miaka tisa, kaka. Ameshajitafutia mahali pake pa kugeuka mtu mwingine, katikati ya nyumba zenu mbili.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wakili wako atakwambia ile unayotaka kuisikia. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi yanafuata nyuma, pamoja na maoni ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na mila za jamii. Aliye chini ya miaka 7 anachukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo, na mdogo ana mitano. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataka ndugu wasitenganishwe na malezi waliyoyazoea yasikatizwe. Halafu Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Kwa hiyo aya yako ya nne ikisimama peke yake, unachomwambia hakimu ni kwamba wifi ametumia haki yake ya kikatiba.

Najua utanijibu kwa fiqhi, sheria ya Kiislamu, na sikudanganyi. Sisi wa pwani ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na Mashafii wanashurutisha Uislamu kwa mwenye hadhana, yaani ulezi, ya mtoto Mwislamu. Lakini Mahanafi hawashurutishi hivyo kwa mama, na wanachuoni wa Kimaliki pia wamempa mama asiye Mwislamu haki ya kulea. Na ipo hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya Rafi bin Sinan aliyesilimu, mkewe akakataa. Walipogombania binti yao mdogo, Mtume (s.a.w.) alimkalisha baba upande mmoja, mama upande mwingine, mtoto katikati, akawaambia wamwite. Mtoto akaelekea kwa mama. Mtume akamwombea uongofu, akageukia kwa baba. Ndiyo, mwishowe alikwenda kwa baba. Mimi ninachokitazama ni pale mwanzo: mama ambaye si Mwislamu hakufukuzwa kikaoni, aliwekwa mkabala na baba, na mtoto akaitwa na wote wawili. Wewe hata kumwita hujamwita. Umeanza na kiapo.

Sisemi imani isitazamwe kabisa. Shakahola si mbali na sisi, ni hapo Kilifi, Kenya. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kanisa moja walioambiwa wafunge mpaka wafe wakamwone Yesu, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Imani ikifika kwenye sahani ya mtoto, kwenye dawa yake au kwenye shule yake, mahakama iingie, na iingie haraka. Ndiyo maana uliponiambia kanisa la wifi lina mikesha na mchungaji anawaambia watu watupe dawa, nilishtuka. Nilikwenda kwake bila taarifa, Ijumaa saa tatu usiku. Watoto walikuwa wamelala, bibi yao yuko nao. Dawa ya kuvuta ya pumu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya mfuko wa nailoni, na nilipoitikisa ilikuwa na dawa. Nilimuuliza wifi waziwazi kuhusu mchungaji. Akaniambia, "Wifi, mimi naombewa, mtoto anavuta dawa."

Na wewe kaka, unakumbuka masika ya mwaka juzi? Kifua kilimbana mtoto usiku wa kwanza, ukamletea kombe, maji yaliyooshea aya za Qur'ani. Usiku wa pili kombe tena. Asubuhi ya tatu ndipo mama yake akambeba mgongoni kwenda hospitali, midomo imeshabadilika rangi. Hakuna aliyesema Uislamu wako unakufanya usifae kuwa baba. Wifi angeweza kuandika aya ya nne yake, na ingekuwa na tarehe.

Austria kulikuwa na mama aitwaye Ingrid Hoffmann. Aliolewa akiwa Mkatoliki, akaja kuwa Shahidi wa Yehova. Mahakama za chini zilimwachia watoto, Mahakama ya Juu ya nchi ikampa baba, ikitaja dini ya mama na msimamo wake wa kukataa kuongezewa damu. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba alibaguliwa kwa dini yake. Tano kwa nne, kaka. Majaji wazima waligawanyika karibu katikati, na wewe umelimaliza kwa mstari mmoja.

Mimi nadhani unachokitaka hasa ni madrasa, na kuogopa kuzikwa na watoto wasiojua kukusomea dua. Hilo nalielewa, na marehemu baba angelielewa. Basi liombe hilo. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama kuweka masharti kwenye amri yake, hata juu ya dini atakayolelewa mtoto. Omba Jumamosi na Jumapili za madrasa, omba Ramadhani na Idd, na wifi naye aseme yake. Nilimgusia. Hakukataa, alisema tu neno kafiri lisirudi mlangoni kwake.

Aya ya nne ifute. Ya pumu iandike vizuri, pamoja na zile siku za kombe, maana Afisa Ustawi wa Jamii akinihoji nitamweleza niliyoyaona kwake na niliyoyaona kwako.

Jumamosi nitakuja na mtoto saa nne. Usituwekee chai, mimi nitakuwa nimefunga, nalipa siku za Ramadhani. Yeye mwekee maandazi.

Mdogo wako.