Barua ya Wazi kwa Vijana wa Pwani Mnaobishana juu ya Unga

Wanangu wa Mombasa, Malindi na Lamu,

Asalaam aleikum. Nawasikia mkibishana juu ya unga, yaani heroini. Wengine mwataka kila anayekutwa na kete atupwe gereza la Shimo la Tewa, wengine mwasema sheria ilegezwe tu, magenge yatakufa njaa yenyewe. Nipeni sikio mzee wenu, maana pande zote mbili mmemchanganya teja, mraibu wa unga, na tajiri wake.

Unga huu hutoka Afghanistan, hupakiwa majahazini pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, hushushwa kwetu, na mwingine huendelea hadi Ulaya. Damu humwagika kwa kugombea njia hiyo na faida yake. Ibrahim Akasha, tajiri wa unga wa Mombasa hii hii, alipigwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Mwanawe Baktash alikiri mbele ya mahakama ya New York, pamoja na mengine, kwamba alihonga maafisa wa Kenya ili asipelekwe Marekani, na mwaka 2019 akafungwa miaka 25. Sasa niambieni, yule kijana wa arosto, maumivu ya kukosa unga, aliyelala mtaroni Kisauni amemhonga nani?

Nyinyi wa kulegeza sheria, tazameni Mexico. Mwaka 2006 Rais Felipe Calderón alitoa wanajeshi wapambane na magenge. Vigogo wakashikwa, magenge yakapasuka, vipande vikaanza kuuana. Waliouawa nchini humo tangu hapo wamepita laki tatu. Na katikati ya vita hivyo, mwaka 2009, Mexico iliacha kumshtaki mwenye kiasi kidogo mfukoni. Bunduki hazikunyamaza, kwa sababu mzigo na njia vilibaki mikononi mwa wale wale.

Ureno, mnayoitaja sana, haikuhalalisha biashara. Tangu 2001, anayekutwa na matumizi yasiyozidi ya siku kumi huitwa mbele ya jopo, si hakimu. Muuzaji bado hufungwa. Lakini waliandaa tiba. Jimbo la Oregon huko Marekani lililegeza sheria kwa kura ya 2020, tiba ikachelewa, na 2024 likarudisha adhabu.

Kwa hiyo mkienda kwa wabunge, ombeni teja asifungwe, na katika barua hiyo hiyo ombeni zahanati. Methadoni, dawa ya kutuliza arosto, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kama inavyofanyika Malindi. Mkimtia selo siku mbili bila dozi, akitoka ataanzia kwa pusha.

Kwa tajiri, ombeni mengine kabisa: akaunti zake zikaguliwe, majumba yake yazuiwe, na askari aliyemtonya ashtakiwe naye. Huko sitaki huruma.

Na mkiletewa jezi za timu na mtu ambaye mtaa mzima haujui biashara yake, zirudisheni.

Mzee wenu,
Mji wa Kale, Mombasa