Lia shoga yangu, na ushukuru pia

Shoga yangu wa moyoni,

Bwana Yesu asifiwe. Voisi yako niliisikiliza nikiwa kwenye benchi hospitali namsubiri baba watoto, nikairudia usiku watoto wamelala, nikaona nisikujibu kwa voisi manake ningelia tu, bora niandike. Pole sana mpenzi. Duka limeungua na mzigo wote wa sikukuu ukiwa ndani, deni la vikoba liko palepale, afu Jumapili mtu anakushika bega anakwambia shukuru tu dada, Mungu ana makusudi yake. Umeniuliza majivu unayashukuruje. Mi naona hujakosea kuuliza, wala hakuna aliyekuagiza uushukuru moto.

We unajua ninavyoishi. Tangu figo za mwenzangu zigome tunaenda kusafisha damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila tukienda, anapimwa uzito kabla na baada, na maji ya kunywa anapimiwa, yaani joto lote hili la Dar mtu mzima anasukutua mdomo anatema ili tu kiu ipoe. Viazi nakata vidogo vidogo nachemsha, namwaga maji, naweka mengine nachemsha tena, ndo niunge, kupunguza ile potasiamu, madini yanayomdhuru mwenye figo mbovu. Ndizi na parachichi alivyokuwa anavipenda vile, basi tena. Kuna siku nayachukia hayo masufuria. Mungu simshukuru kwa figo kufa, sijawahi na sitaki kuigiza mbele zake, ila namshukuru tukiwa humohumo kwenye ugonjwa, na vya kushukuru navitafuta kwa kukusudia kabisa, manake vyenyewe havijileti.

Pale mkononi walipomuunganishia mishipa ya kuwekea sindano, ukigusa kwa kidole unasikia kunatetemeka, damu inapita kwa nguvu, na nesi alitufundisha tuguse kila siku, kukinyamaza tukimbie hospitali. Sasa yule wetu wa mwisho ndo kaichukua hiyo kazi. Akiamka tu, hata uso hajanawa, anaenda kushika mkono wa baba yake, anatulia kidogo, afu anapiga kelele "upo!" na sisi wote kila mtu alipo tunaitika asante Yesu. Ndo ibada yetu ya asubuhi. Ile furaha ya pale silazimishi shoga, inakuja yenyewe, kazi ni kuamka na kuifuata.

Umesema Paulo alikuwa na roho nyingine siyo kama sisi. Hebu soma tena Wafilipi yote. Filipi ndo mji uleule walikochapwa yeye na mwenzake Sila, Matendo 16, wakafungwa miguu kwenye mkatale, wakaimba usiku wa manane migongo inauma, na waliimba kabla ya tetemeko, hakuna aliyewaambia milango itafunguka. Na anapowaandikia watu wa mji huo wafurahi yuko kwenye minyororo tena. Sasa angalia sura ya 2, huwa tunairuka tunakimbilia ya 4. Epafrodito alitumwa na Wafilipi kuja kumhudumia akaugua karibu ya kufa, na Paulo anasema Mungu alimrehemu ili yeye asipate huzuni juu ya huzuni. Umeona? Huzuni alikuwa nayo tayari, na kaiandika hapohapo kwenye barua ya furaha bila kuificha. Zile siku za mwanzo, madaktari wanatueleza na mimi sisikii hata neno, mstari huo ndo ulinibeba.

Na Habakuki sura ya 3, mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe, anataja kimoja kimoja kama mtu anayehesabu mzigo ulioungua, anamaliza kuhesabu ndo anasema atamfurahia Bwana. Vyote alivyotaja havipo, Bwana yupo. Mimi hapo huwa nafunga Biblia kwanza nakaa kimya.

Kwa hiyo naomba ufanye hivi, daftari la duka si ulisema lilibaki kwenye mkoba wako, lichukue uandike vilivyoungua vyote, vitenge, viatu vya watoto, ile friji uliyomaliza kuilipia juzi tu, deni nalo liandike, umsomee Mungu na ulie mpaka basi. Afu geuza ukurasa uandike hata kitu kimoja. Wanao likizo huwa wanalala mchana kule nyuma ya duka na siku ile hawakuwepo, hicho ndo kianze. Na yule wa kanisani usimuwekee kinyongo, wengi wetu tukiona msiba mkubwa tunakosa la kusema tunasema lolote.

Rejesho la mwezi huu nimeshaongea na akina mama wawili watatu, tutachangishana, usibishe. Jumamosi tukitoka hospitali tunapitia kwako sote, usipike chochote, chakula nakuja nacho. Wasalimie wanao.

Mwenzako akupendaye,
Mama watoto