Mrudishie chanuo

Mama Zuu shosti yangu,

Meseji yako nimeisoma usiku usingizi ukakata, nikasema hili siwezi kulijibu kwa voisi. Yaani mtoto kamsuka dadake mabutu, tena mistari imenyooka, halafu wifi yako anaitisha kikao eti mtoto wa kiume akishika chanuo ataharibika? Na wewe ukamnyang'anya! Imeniuma kwa kweli.

Hebu wakumbuke wale Wamasai wanaosuka huku Dar. Wanaume watupu, lubega begani, na wadada wamepanga foleni wanawasubiri. Wanakaa wawili kichwa kimoja, huyu kushoto huyu kulia, wanasokota twisti nyembambaa mpaka unasinzia, na sijasikia mtu anawaita wanawake. Maana kwao morani ndo anafuga nywele ndefu, wanasukana wenyewe kwa wenyewe, wanazipaka mafuta na udongo mwekundu, na mwanamke ndo ananyoa kipara, anapendeza hivohivo na shanga zake. Siku ya eunoto, morani anapoaga umorani, mama yake ndo anamnyoa, na wapo wanaolia machozi kabisa. Walinzi wa ng'ombe hao, wanalilia nywele!

Na nyumba je? Kule bomani kwa Wamasai anajenga mwanamke. Anakata fito, anazichomeka, anakandika kwa matope na mavi ya ng'ombe, mvua ikivujisha paa anapanda yeye kuziba. Huku kwetu mdada akionekana saiti anapiga plasta watu wanasimama kumshangaa. Sasa niambie, mwili wa mwanamke wa Longido na wa Mbagala una tofauti gani? Wote wanabeba mimba, wananyonyesha, hayo ni maumbile hayabishaniwi. Ila nani asuke, nani ajenge, nani aruhusiwe kulia, hayo watu wamepanga, tunalishwa tangu tunatambaa mpaka tunaona tumezaliwa nayo. Kule Tarime kwa Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe za mahari akaoa mwanamke mwenzie, wanaita nyumba ntobhu, na watoto watakaozaliwa wanahesabika wa nyumba yake. Ni mambo ya ukoo na urithi hayo, siyo mapenzi. Yaani nafasi ya mume anaishika bibi, na hao Wakurya ndo kila mtu anawasifia wanaume wa shoka.

Wifi simlaumu sana, anarudia aliyofundwa na yeye. Lakini mtoto mrudishie chanuo chake leo leo, na mwambie kwa mdomo wako kwamba kasuka vizuri, maana kukuona wewe umekasirika ndo kitu atakachokumbuka.

Halafu Zuu. Umeandika kwamba alipomaliza kusukwa akaenda kuosha vyombo vya mchana, umelipitia tu kama kitu cha kawaida. Kaka mtu ana mikono miepesi kiasi hicho, kwa nini vyombo viwe vya Zuu peke yake? Ongea na baba yao hilo kabla ya wikiendi, nitakupigia.

Wako,
Mama Abuu