Chama kipya, madeni yaleyale

Mhariri, wanaosema chama tawala kikitoka basi kila kitu kinageuka huwa wananichekesha. Cheki Zambia, chama cha UPND kiliingia madarakani 2021 na ahadi kibao, na kweli 2022 ada za shule za serikali zikafutwa mpaka sekondari, hapo hongera zao. Ila lile deni la nje ambalo serikali iliyopita ilishindwa kulilipa 2020 walilikuta palepale, ikabidi wakae na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), ruzuku ya mafuta ikaondolewa, bei ikapaa, na aliyepigia kura mabadiliko akabaki anakodolea macho pampu. Kwahiyo jamani kampeni zikianza tusiwaulize wagombea tu wataondoa nini, tuwaulize hela itatoka wapi na mikataba ya wenzao waliowatangulia wataifanyaje, maana ilani nyingi hapo huwa kimyaaa.